Jibwa, Kijibwa na Nunda: Kicheko Juu ya Madubwana katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kicheko kinavyojengwa juu ya hofu katika vitabu viwili vya picha vya Dav Pilkey, Dogzilla na Kat Kong (1993), ambavyo vinazifanyia parodia filamu za madubwana kwa kutumia mbwa, paka na panya. Vitabu hivyo vinasomwa kwa kumzingatia mtoto wa viunga vya Dar es Salaam, hususani Kinondoni na Temeke, na vinalinganishwa na hadithi ya Sultani Majinuni iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Hoja kuu ni kwamba mbinu ya kumgeuza mnyama wa nyumbani kuwa dubwana si ngeni katika Kiswahili: imo katika sarufi yake ya ukubwa na udogo, na imo katika hadithi ya nunda. Kinachotofautiana ni shabaha ya kicheko. Pilkey anaicheka filamu. Hadithi ya nunda inamcheka mwenye paka. Makala yanahitimisha kwamba tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumshughulisha mtunzi au mfasiri anayetaka kuwaandikia watoto wa Kiswahili kitabu cha picha cha aina hii.

1. Utangulizi

Kisa cha Dogzilla ni chepesi. Panya wa jiji lao wamekusanyika katika mashindano ya kuchoma nyama. Harufu inaufikia mlima wa volkano uliolala jirani, na ndani yake anaamka mbwa mkubwa kuliko majengo. Anashuka mjini. Jeshi la panya linatimka. Mwanasayansi wao anashauri kwamba wafikiri kama mbwa wanavyofikiri, na shauri hilo linazaa silaha: maji ya kuogea na povu. Mbwa anakimbia kurudi volkanoni, amani inarejea, na mwaka unaofuata, mashindano yanapoanza tena, watoto wa mbwa wanachomoza. Kat Kong kinafuata njia ya pili. Wasafiri wa kipanya wanamkamata paka mkubwa kisiwani, wanamleta mjini kumwonesha watu, anatoroka, anapanda jengo refu na kuanguka. Vitabu vyote viwili vimetengenezwa kwa picha za kamera za wanyama waliofugwa na mwandishi mwenyewe, zikakatwa, zikabandikwa na kupakwa rangi.

Kwa msomaji wa haraka, hivi ni vitabu vya mzaha vya taifa la mbali ambavyo havina la kusema kuhusu fasihi ya watoto ya Kiswahili. Hukumu hiyo ina misingi miwili inayostahili kupimwa. Wa kwanza ni kwamba parodia humtaka msomaji aijue kazi inayodhihakiwa, na mtoto wa Mbagala au Tandale hana sababu ya kuzijua filamu hizo. Wa pili ni kwamba kitabu cha mtoto katika mazingira ya Tanzania hutarajiwa kufunza, na kisa cha mbwa anayeogeshwa hakifunzi lolote. Sehemu zinazofuata zinadai kwamba msingi wa kwanza ni dhaifu, na kwamba wa pili una nguvu, ingawa si kwa sababu zinazotolewa kwa kawaida.

2. Parodia na mtoto wa kibanda umiza

Linda Hutcheon (1985) anaieleza parodia kuwa ni urudiaji wenye umbali wa kiuhakiki: kazi mpya huirudia ya zamani, na katika kuirudia huonesha tofauti. Kwa maelezo hayo, msomaji asiyeijua kazi ya awali hupata nusu ya kazi mpya. Kazi za awali hapa ni mbili zinazojulikana sana. King Kong (1933) ni filamu ya Marekani kuhusu sokwe mkubwa anayetolewa kisiwani na kuletwa New York. Godzilla (1954) ni filamu ya Japani iliyoongozwa na Ishirō Honda, ambamo dubwana linaloamshwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia linaiteketeza Tokyo. Filamu ya pili ilitengenezwa miaka 9 tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, na hofu yake haikuwa ya mchezo.

Je, mtoto wa viunga vya Dar es Salaam yuko mbali na filamu hizo? Historia ya utazamaji wa filamu jijini inaonesha vinginevyo. Tangu enzi ya kanda za VHS, vibanda vya video ambavyo wenyeji waliviita vibanda umiza vimekuwa sinema ya mtaa huko Temeke na Kinondoni. Humo filamu za nje hazikuoneshwa kimyakimya. Zilitafsiriwa papo hapo na wasimulizi, na baadaye masimulizi yao yakarekodiwa na kuuzwa pamoja na filamu. Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ndiye aliyevuma zaidi katika kazi hiyo. Msimulizi wa namna yake hajifungi kwenye maneno ya wahusika. Huwapa majina, huwatania, hueleza desturi za ugenini kwa mifano ya mtaani, na huingiza maoni yake pale picha inapokuwa kali mno au ya kipuuzi mno.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mjadala wa parodia. Mtazamaji wa kibanda umiza hakupokea kwanza filamu yenye heshima zake zote kisha akakutana na dhihaka yake. Vyote viwili vilimfikia kwa pamoja: picha ikitisha, sauti ikitania. Umbali wa kiuhakiki anaouzungumzia Hutcheon ulikuwemo tayari katika tendo la kutazama. Kwa hiyo hoja kwamba mtoto wa Tandika hawezi kukielewa kitabu kinachowadhihaki madubwana kwa sababu hayajui madubwana inageuka juu chini. Huenda akawa amezoea dubwana linalodhihakiwa kuliko linaloogopwa.

Hata hivyo, mazoea hayo yana sharti lake. Katika kibanda, kicheko kimo katika sauti. Katika vitabu vya Pilkey, kicheko kimo katika mgongano wa matini na picha: maneno yanasema kwa uzito wa tangazo la filamu kwamba jiji linaangamia, huku picha ikionesha mbwa mfupi wa nyumbani mwenye uso wa upole. Matini yenyewe haicheki. Tafsiri ya Kiswahili ingekabiliwa na uamuzi wa mapema: kubaki na matini nzito isiyocheka, au kumwingiza msimulizi mtaniaji. Uamuzi wa pili unavutia kwa sababu una mizizi mtaani, lakini una hatari. Msimulizi akicheka kabla ya mtoto, mtoto hanyang'anywi hofu tu. Ananyang'anywa pia fursa ya kugundua mwenyewe kwamba kinachotisha hakitishi. Ugunduzi huo ndio kiini cha kitabu cha picha.

3. Sarufi ya ukubwa na udogo

Jina la Dogzilla linafanya kazi kwa kuunganisha neno la Kiingereza la mbwa na mkia wa jina la dubwana la Japani. Kiswahili hakihitaji kuazima mkia huo. Ngeli ya ukubwa hutengeneza dubwana kwa kiambishi: mtu huwa jitu, nyoka huwa joka, mbwa huwa jibwa. Neno jitu halimaanishi tu mtu mwenye kimo kikubwa. Ni kiumbe kingine, kinachokaa katika ngano pamoja na mazimwi. Wakati huohuo, uumbaji wa ukubwa hubeba dharau: jitu ni la kuogopwa, na pia ni la kubezwa kwa ukosefu wake wa ustaarabu. Hofu na kejeli zimo katika kiambishi kimoja. Mazungumzo ya mtaani Dar es Salaam huongeza chumvi kwa kurundika viambishi, kama katika lijitu na lijibwa, ambapo ukubwa unazidishwa mpaka unageuka kichekesho.

Upatanisho wa kisarufi unaongeza uwezo mwingine. Nomino za viumbe hai kwa kawaida huchukua upatanisho wa A-/WA-, ilhali nomino ya ukubwa inaweza kuchukua LI-/YA-. Jibwa limeshuka mjini na jibwa ameshuka mjini ni sentensi mbili zenye tukio moja na mitazamo miwili. Katika ya kwanza kinachoshuka ni kitu, nguvu isiyo na nafsi. Katika ya pili ni mnyama. Mfasiri makini anaweza kuupanga mpito huu uendane na kisa: LI- itawale kurasa za uharibifu, kisha A- iingie maji yanapomwagwa na macho ya mbwa kuonekana kwa mara ya kwanza kuwa macho ya mbwa. Mtoto hatalitambua badiliko hilo kama kanuni, lakini atalisikia.

Udogo unakamilisha mzunguko. Kinyume cha jibwa ni kijibwa. Kwa mujibu wa maelezo ya kisarufi, -ji- ya kijibwa huingia kwa sababu mzizi -bwa ni wa silabi moja na hauwezi kusimama vizuri na ki- peke yake. Lakini kwa jicho na sikio la msomaji, jibwa zima bado limo ndani ya kijibwa, limefunikwa tu na ki-. Kisa chote cha Dogzilla kinaweza kuelezwa kwa safari hiyo ya kiambishi: jibwa linatoka mlimani, linaogeshwa, linakimbia likiwa kijibwa. Na mwisho wake, pale watoto wa mbwa wanapochomoza, unapata ukali ambao Kiingereza hakina. Vijibwa ni neno la kudunisha, na bado ndani yake mna -ji- ile ile. Panya wamerudishiwa hatari yao kwa wingi.

Si kila mnyama anaikubali njia hii kwa wepesi. Paka, kwa kuwa mzizi wake una silabi mbili, hapati ji- kwa lazima. Ukubwa wake unaweza kuoneshwa na upatanisho peke yake, kama katika paka lile limetoroka, au na lipaka la mtaani. Kat Kong kwa hiyo ni kigumu zaidi kwa Kiswahili kuliko Dogzilla, na ugumu huo unaongezwa na ukweli kwamba mwisho wake umejengwa juu ya methali ya Kiingereza kuhusu paka na udadisi. Methali za Kiswahili kuhusu paka zinaelekea kwingine. Ile isemayo kwamba paka akiondoka panya hutawala inahusu mamlaka, na ikitumika mwishoni mwa kitabu ingekipa maana ya kisiasa ambayo Pilkey hakuikusudia. Sehemu ya 4 inaonesha kwamba mkengeuko huo si hasara.

Majina mengine yanadai uamuzi wa aina hiyohiyo. Meya wa panya anaitwa kwa nahau ya Kiingereza inayomfananisha mkubwa na jibini. Kiswahili kina kigogo, neno la mtu mwenye cheo ambalo pia ni kipande cha mti, kitu ambacho panya angekitafuna. Kwa mtoto wa Kinondoni, Kigogo ni pia jina la kata. Utani unaongezeka bila kulazimishwa. Panya wenyewe, kwa upande mwingine, wana uzito ambao mfasiri hawezi kuupuuza. Katika muongo wa 2010, jina la Panya Road lilihusishwa na makundi ya vijana waliokuwa wakivamia na kupora watu mitaani Dar es Salaam. Katika kitabu cha Pilkey panya ni raia wema wanaokimbia hatari. Katika kumbukumbu ya karibuni ya viunga hivi, panya ndio waliokimbiwa. Msomaji mzima anayemsomea mtoto atalisikia hilo hata kama mtoto hatalisikia.

4. Paka wa Sultani

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja, zikiwa na Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni. Sehemu yake ya pili inahusu paka. Paka wa sultani anakamata mnyama wa kufugwa. Watu wanamshtakia bwana wake, naye anajibu kwamba paka ni wake na mnyama huyo ni wake pia, basi kesi hakuna. Paka anahamia kwenye wanyama wakubwa zaidi, ngazi kwa ngazi, na kila mara mashtaka yanapoletwa jibu ni lilelile: mla ni mali yake, na mliwa ni mali yake. Paka anafikia watu. Mwisho anawala baadhi ya wana wa sultani mwenyewe, na hapo ndipo sultani anapotambua kwamba huyo si paka tena, ni nunda mla watu.

Kijana mdogo wa sultani, ambaye hadithi inamtambulisha kama mtu wa kudharauliwa anayekaa jikoni, anaondoka kwenda kumwinda nunda. Anaua mbwa na kumleta kwa mama yake akiamini amemaliza kazi. Mama anamwambia siye. Anarudi na mnyama mkubwa zaidi, na jibu ni hilohilo. Wanaletwa pundamilia, twiga, kifaru na ndovu, kila mmoja akipokewa kwa wimbo uleule na kukataliwa kwa namna ileile, mpaka nunda wa kweli anapouawa.

Hadithi hii kwa kawaida huwekwa katika kundi la visa vya shujaa na zimwi. Usomaji wa makini unaonesha kuwa ni kisa kinachojicheka. Mwindaji anayerudi kwa shangwe akiwa amebeba mbwa ni dhihaka ya shujaa. Urudiaji wa wimbo unafanya kile ambacho Hutcheon anakiita urudiaji wenye tofauti: wimbo wa ushindi unaimbwa mara nyingi kabla ushindi haujapatikana, na kila unapoimbwa msikilizaji anajua zaidi ya mwimbaji. Mtoto anayesikiliza huwahi kumjibu mama kabla mama hajasema. Kwa maneno mengine, karne moja na zaidi kabla ya Pilkey, Kiswahili kilikuwa na kisa cha mnyama wa nyumbani aliyekuwa dubwana, kikiwa na kipimo cha ukubwa wa wanyama kilichopangwa kwa makusudi ya kuchekesha.

Tofauti iko katika mwelekeo wa safari. Katika King Kong dubwana linatolewa kisiwani na kuletwa mjini. Katika Kat Kong safari hiyo inahifadhiwa: kisiwa ni mahali pa dubwana, mji ni mahali pa watu, na kosa ni kulileta la huko huku. Parodia imezicheka nyuso za filamu na kuiacha mifupa yake ikiwa mizima. Filamu ya 1933 iliwachora wenyeji wa kisiwa kama washenzi wanaoabudu mnyama, na dhihaka inayobaki na ramani ileile haijaidhihaki sehemu iliyohitaji dhihaka kuliko zote. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye mababu zake waliandikwa mara nyingi katika vitabu vya wasafiri kama watu wa kisiwani, hana mahali pa kukaa katika ramani hiyo isipokuwa apande merikebu pamoja na wawindaji.

Nunda anakwenda kinyume. Anatoka ikulu kwenda porini. Hakuletwa na mtu kutoka mbali. Alilelewa, akalishwa na akalindwa na hoja ya kisheria ya mwenye mamlaka. Msitu unampokea tu. Kicheko cha sehemu ya kwanza ya hadithi hakimwelekei paka, ambaye hafanyi lolote lisilo la kipaka. Kinamwelekea sultani anayerudia jibu moja huku mali yake ikiila mali yake, na baadaye jamaa yake. Hata jina lake, lenye asili ya Kiarabu na maana ya mwendawazimu, limeshatoa hukumu kabla kisa hakijaanza.

Historia ya uchapishaji wa hadithi hii inaonesha jinsi shabaha hiyo ilivyopotea. Kwa Steere kichwa kinamtaja sultani. George Bateman, aliyechapisha hadithi za Zanzibar kwa Kiingereza mwaka 1901, alikipa kisa kichwa kinachomtaja kijana mwindaji. Mwaka huohuo Andrew Lang, katika kitabu chake cha ngano chenye jalada la urujuani, alikipa jina la nunda mla watu. Kutoka sultani hadi kijana, na kutoka kijana hadi mnyama: kadiri hadithi ilivyosogezwa kwa watoto, ndivyo mwenye paka alivyotolewa kwenye jalada. Dubwana likabaki, aliyelifuga akasahaulika.

5. Picha

Katika kitabu cha picha, maneno hayawezi kujadiliwa peke yake. Mbinu ya Pilkey inategemea sifa moja ya picha ya kamera: mbwa aliyepigwa picha ni mbwa halisi, na uhalisi wake ndio unaokanusha kila neno la kutisha lililoandikwa chini yake. Mtoto anauona ukubwa kuwa wa uongo kwa sababu anauona unyoya kuwa wa kweli.

Viunga vya Dar es Salaam vina utamaduni mwingine wa picha za wanyama. Eduardo Saidi Tingatinga (1932–1972) aliishi Msasani na kuuza picha zake Oysterbay, eneo ambalo leo liko Kinondoni, akichora wanyama kwa rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya mbao laini. Wafuasi wake wameuendeleza mtindo huo, na mmoja wao, John Kilaka, ameupeleka katika vitabu vya picha vilivyopata wasomaji nje ya nchi, vikiwemo Fresh Fish na True Friends. Wanyama wa Kilaka wamevaa nguo, wanakwenda sokoni, wanagombana na kupatana. Ndani ya Fresh Fish mbwa ni mwizi wa samaki anayefikishwa mbele ya wenzake na kuadhibiwa.

Ulinganisho huu unafichua jambo. Katika mtindo wa Tingatinga ukubwa haufuati maumbile: ndege anaweza kulijaza bao lote, na tembo akakaa pembeni. Macho ni makubwa kwa wote, rangi hazina kivuli. Kwa hiyo mbwa mkubwa kuliko nyumba, akichorwa kwa mtindo huo, hangemshangaza mtu. Angekuwa mbwa wa Tingatinga tu. Kichekesho cha Pilkey, kinachoishi katika pengo kati ya kipimo cha kweli na kipimo cha uongo, kingezimika. Msanii wa Kinondoni anayetaka kucheka dubwana kwa mtindo wa nyumbani angelazimika kukitafuta kicheko mahali pengine, na vitabu vya Kilaka vinaonyesha ni wapi: katika tabia. Mbwa wake anachekesha kwa vile anavyotenda mbele ya wenzake, si kwa kimo chake. Mtindo huo ungemfaa zaidi sultani na paka wake kuliko jibwa na volkano. Ukurasa mmoja wenye sultani aliyeketi katika kiti kilekile, na paka anayezidi kunenepa nyuma yake kutoka picha hadi picha, ungetosha kusema yote.

6. Mipaka ya kicheko

Imebaki hoja ya pili iliyotajwa mwanzoni, kwamba kitabu cha mtoto lazima kifunze. Hoja hii haiwezi kupuuzwa kama ukaidi wa walimu. Ina msingi katika uchumi wa vitabu. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania uanzishwe mwaka 1991, sehemu muhimu ya vitabu vya watoto vya Kiswahili imechapishwa kwa kutegemea kununuliwa na kusambazwa mashuleni. Mradi huo uliwapa watoto vitabu pale ambapo soko lisingewapa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kitabu kinachoingia kwa mlango wa shule huulizwa swali la shule: kinafunza nini? Kicheko hakina jibu fupi kwa swali hilo.

Kuna pia sababu nzito zaidi. Hofu ya madubwana katika maeneo haya si ya kwenye filamu tu. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulitanda Pemba na Unguja, na mwaka 2007 ulifika Dar es Salaam. Watu walilala nje, makundi kwa makundi. Hofu ya namna hiyo hugharimu: humwangukia mgeni, mgonjwa wa akili, mtu aliyekutwa mahali pasipo pake usiku. Filamu za Kitanzania za kutisha, kama vile Shumileta ya Mussa Banzi, ziliichota hofu hiyohiyo ya majini na mizimu na kuirudisha kwa watazamaji ikiwa kali zaidi. Mtoto wa Temeke anayefungua kitabu cha dubwana hafungui mchezo mtupu. Anafungua jambo ambalo wakubwa wake wamewahi kuliamini kwa dhati.

Hapa ndipo silaha ya panya inapopata thamani isiyotarajiwa. Kwa Pilkey, kumwogesha mbwa ni kichekesho cha nyumba ambazo mbwa huishi ndani na huchukia kuoga. Katika nyumba nyingi za Temeke mbwa ni mlinzi wa uani, na kwa familia za Kiislamu mate yake yana hukumu zake za tohara. Kumwogesha kwa povu si jambo la kila Jumamosi. Kichekesho kingeonekana kufa. Lakini yupo kiumbe mwingine katika nyumba hizo anayekimbia maji: mtoto mwenyewe, anayeitwa jioni kwenye karai, akisubiriwa na dodoki na sabuni ya mche. Mtoto huyo akiliona jibwa likitimuliwa kwa ndoo ya maji, hatajiona katika panya. Atajiona katika jibwa. Kwa nukta moja, kinachotisha na anayetishwa wanakuwa kitu kimoja, na hofu inapoteza mahali pa kusimama.

Hilo ni funzo, ingawa halifupishiki katika maadili ya ukurasa wa mwisho. Methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha hufundisha kwamba hatari inayokujua ina huruma kidogo. Jibwa linaloogopa kuoga linaongeza upande wa pili: hatari unayoijua nawe unaweza kuipima. Jamii iliyowahi kulala nje kwa sababu ya uvumi ina haja ya watoto wanaouliza, kabla hawajakimbia, dubwana hili linaogopa nini na nani analilisha.

7. Hitimisho

Swali lililojadiliwa ni iwapo kitabu cha picha kinachodhihaki filamu za madubwana kina nafasi katika fasihi ya watoto ya Kiswahili. Uchambuzi umeonesha kwamba vifaa vyake vipo: watazamaji waliozoea kulisikia dubwana likitaniwa, sarufi inayoweza kulikuza na kulipunguza kwa kiambishi kimoja, utamaduni wa picha za wanyama, na hadithi ya 1870 ambamo paka wa nyumbani anakuwa mla watu. Umeonesha pia kwamba kuiga Dogzilla na Kat Kong moja kwa moja kungekuwa kupokea kicheko pamoja na ramani yake, ambayo ndani yake hatari daima hutoka kisiwani au mlimani, kamwe haitoki ikulu.

Dogzilla ni kitabu bora kuliko Kat Kong kwa sababu kinamkaribisha mtoto upande wa dubwana. Kat Kong kinamwacha merikebuni na wawindaji. Lakini hakuna kati yao kinachouliza swali ambalo hadithi ya Sultani Majinuni inaliuliza tangu mnyama wa kwanza alipoliwa. Mtunzi atakayeirudishia hadithi hiyo picha na kicheko chake, na kumrudisha sultani kwenye jalada, hatakuwa ameleta kitu kigeni Kinondoni wala Temeke. Atakuwa amemkumbusha mtoto kwamba paka ana mwenyewe.